Bulo (bolti) imegoma, bulo imekatikia ndani: tupeane uzoefu

MwanaKatindo:
Jambo wandugu. Jumamosi nilikuwa nabadilisha plaketi za breki za RAV4 yangu hapa nyumbani. Bulo ya juu ilitoka vizuri. Ya chini nikaivuta, ikalia kidogo, nikafurahi nikidhani imelegea. Kumbe inajinyonga. Kichwa kikabaki kwenye ufunguo, mwili ukabaki ndani. Niliketi nikikitazama kile kichwa mkononi mpaka mvua ikanikuta palepale. Nimeitoa leo, siku ya tatu. Nani mwingine yalimkuta? Mulifanyaje? Semeni yote, hata kama muliharibu.

WaHimbi:
Pole ndugu. Ile sauti naijua. Ikilia halafu ikawa laini ghafla mkononi, simama hapohapo. Haijalegea, inakatika.

FundiNdosho:
Watu wanaanza kwa kulegeza. Anza kwa kukaza, kidogo tu, kutu ishtuke, ndipo urudi nyuma. Robo mzunguko huku, robo kule, mafuta kila mara. Na kabla ya yote piga kichwa cha bulo kwa nyundo, wima, mara kumi au kumi na tano. Soketi iwe ya pembe 6. Ile ya pembe 12 inakula kichwa, na kichwa kikishaliwa uko na kazi mbili.

BabaMapacha:
Mafuta gani, mzee? Mimi niko namwagia mazutu (dizeli) tangu jana.

FundiNdosho:
Mazutu ni bora kuliko kukosa, lakini ipe usiku mzima. Mimi nachanganya mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Tikisa kila unapotia, maana vinaachana. Na moto usikaribie hapo.

MamaNoah:
Mimi natumia mshumaa. Pasha nati kwa moto wa gesi, gusisha mshumaa pale meno yanapoingia, nta inanywewa ndani yenyewe. Nati za egzosi ya Noah yangu nilizitoa hivyo zote nne, hapa Keshero, peke yangu. Marehemu papa alinionyesha nikiwa msichana.

BabaMapacha:
Mama, mshumaa ni wa kanisani. Nta itashinda kutu ya miaka 20?

MamaNoah:
Papa, mimi nimeitoa nati. Wewe uko na mazutu tangu jana.

WaHimbi:
😂 Mwacheni Baba Mapacha. Lakini tuseme ukweli, bulo za Goma zinaliwa na moshi wa volkano yetu, Nyiragongo. Mvua yetu ina asidi. Tazameni mabati yanavyotoboka.

TransitBirere:
Hapana. Mabati sawa, nakubali. Bulo za chini ya gari zilishaliwa kabla gari halijafika huku. Magari haya yametembea Japani kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi. Lala chini ulitazame kabla ya kulipa, siyo kutazama viti na redio.

WaHimbi:
Mimi gari langu nilinunua safi kabisa, sasa ni jekundu chini. Hiyo chumvi iliingia lini?

TransitBirere:
Ilipakwa rangi nyeusi ukaambiwa ni safi.

MajengoJuu:
Mnisamehe, nitaandika refu. Hiyo ya kukatikia ndani imenirudisha mbali.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi. Asubuhi nilivua gurudumu la mbele la Carina, nibadilishe rotili (bol jointi). Bulo moja ikagoma. Nikavika bomba refu juu ya ufunguo, nikasimama juu yake kwa miguu yote miwili. Ikakatika. Fundi akaniambia kesho. Nikaacha gari juu ya kriki (jeki), na mawe ya volkano chini yake.

Kwenye saa moja jioni upande wa mlima ukawa mwekundu, Nyiragongo imelipuka. Mnajua wenyewe usiku ule ulivyokuwa. Jirani wote wanawasha magari, wanapakia magodoro, na mimi gari langu liko na miguu mitatu. Mama yangu hawezi kutembea hata mpaka barabarani. Nilijaribu kurudisha gurudumu hivyohivyo, na tochi mdomoni, nikaona haliwezekani, litang'oka njiani na watoto ndani. Nikamweka mama mgongoni. Kijana mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akatuona, akamwaga mzigo wake wa makaa pale njiani, akamkalisha mama juu, tukasukuma mpaka karibu na mpaka wa Gisenyi. Sikujua jina lake. Hakutaka pesa.

Moto ulisimama Buhene, haukutufikia. Tukarudi, ardhi ikitetemeka mchana na usiku. Tarehe 27 wakatangaza tuhame, Majengo ikiwamo. Tukatoka tena kwa miguu, safari hii njia ya Sake. Niliporudi nikakuta yale mawe yamepasuka kwa kutetemeka, Carina imeangukia disiki. Mtu wa kuchomelea akaja, akachomelea nati juu ya kile kisiki cha bulo, akaacha kipoe kidogo, akageuza. Dakika kumi. Dakika kumi, wandugu.

Tangu siku hiyo sivui gurudumu kama bulo mpya haiko mfukoni.

MamaNoah:
Nimelia. Mama yuko?

MajengoJuu:
Yuko, amesikia nikisoma. Anawasalimu.

DerevaSake:
Nilikuwa njia hiyohiyo tarehe 27. Mungu awabariki wale wote waliotugawia maji.

WaHimbi:
Mimi tulivuka kwa boti kwenda Bukavu. Kijana yule wa chukudu atafutwe.

MwanaKatindo:
Ya kweli. Lakini wandugu, turudi kwenye bulo pia, kuna watu wamekwama leo.

FundiNdosho:
Kwanza mawe. Mawe yetu yana matundu, yanapasuka bila kukuonya. Weka mbao nene, na gurudumu ulilovua lilaze chini ya ubavu wa gari. Kuhusu kisiki: kuchomelea nati ndiyo njia nzuri, joto lenyewe linafungua. Usipashe moto karibu na tangi, bomba la breki au shoki ya gesi.

WaHimbi:
Au toboa katikati, uingize kile chuma cha kung'olea chenye meno ya kinyume.

FundiNdosho:
Kikikatikia ndani je? Ni kigumu kuliko kekee yako. Hapo umefunga mlango.

WaHimbi:
Kimenisaidia mara mbili.

MwanaKatindo:
Mimi nilitoboa. Nilipiga alama katikati kwanza, nikaanza na kekee ndogo. Ikienda pembeni unakula meno ya ndani.

DerevaSake:
Ongezeni hii: Canter za zamani, magurudumu ya kushoto, nati zinafunguka kinyume. Tulivunja bulo tatu tukizikaza, tunadhani ni kutu. Mara nyingi kichwani kuna herufi L.

TransitBirere:
Na wale wa barabarani wanaokaza kwa bomba la mita nzima! Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenye nati za gurudumu, basi.

BabaMapacha:
Mazutu imekataa. Mama Noah, mshumaa uwe mweupe au hata wa rangi?

MamaNoah:
Wowote, papa. Nati iwe ya moto kwanza.