Gamba lina jina la zamani, pasipoti ina jina jipya: nani anaandika barua?

Kutoka: Dada wa Calgary

Bwana Yesu asifiwe wapendwa,

Mnisamehe kuingilia pongezi kwenye kundi letu la wahitimu (Mama Pacha, hongera sana, picha nimeziona, wote wawili wamemfuata baba, pole). Nina jambo limenitokea jana na usingizi umegoma.

Nilianza ECA, ile tathmini ya vyeti vya nje kwa ajili ya uhamiaji wa Kanada, mwezi wa nne. Chuo kilituma transkripti kwenye bahasha iliyofungwa, mhuri umepita juu ya gundi, namba ya rejea imeandikwa kwa nje, nikasema hapa nimemaliza. Jana watathmini wameniandikia kwamba faili langu wameliweka pembeni kwa sababu mbili. Kwanza, gamba langu (cheti cha shahada) ni la 2012, enzi chuo chetu kilipokuwa chuo kishiriki, na pale juu lina jina la chuo mama. Transkripti imechapwa kwenye karatasi ya sasa: jina jipya, nembo mpya, hata sanduku la posta si lile. Wao wanaona vyuo viwili visivyojuana. Pili, gamba lina majina mawili, langu na la baba. Pasipoti ina matatu, na la mwisho ni la mume.

Nikapiga simu chuoni. Dada wa Usajili, mpole kweli, akaniambia barua ya kuthibitisha kwamba chuo kile ndicho hiki lazima itoke chuo mama, maana wao ndio waliotunuku shahada. Nikapiga chuo mama. Wakasema kumbukumbu zetu zote walishakabidhi, barua itoke kwenu. Nikarudi kwa yule dada. Ameenda likizo ya uzazi.

Swali langu ni moja tu. Ninyi mliohitimu kabla ya mabadiliko, barua hiyo mliandikiwa na nani? Chuo, chuo mama, au TCU (Tume ya Vyuo Vikuu)? Nafikisha 35 mwezi wa tatu, na mnajua CRS, ule mfumo wa alama wa uhamiaji Kanada, unavyomega alama ukishavuka 29.

Kutoka: Mzee wa Maktaba, St. Paul

Dada, amani iwe kwako.

Tatizo lako ni dogo ukilinganisha na langu. Mimi shahada yangu ni ya 1999. Miaka hiyo TCU haijazaliwa, imeanza kazi Julai 2005. Kabla yake kulikuwa na Baraza la Ithibati, lile la 1995, ambalo vijana wengi humu hata jina lake hamjawahi kulisikia. Sasa nilipofika hapa, ofisi moja ya leseni ikanitaka nilete uthibitisho wa TCU kwamba chuo kilikuwa na ithibati mwaka niliohitimu. Nikawaandikia: mnataka cheti cha kuzaliwa cha baba, kilichosainiwa na mwanawe. Hawakucheka. Wakanifungia faili.

Ikabidi nipande ndege. Nilikaa siku tatu kwenye benchi la nje ya ofisi ya Msajili, lile la mbao lililokatika mguu, chini ya mjakaranda. Siku ya tatu Msajili mwenyewe akatoka kwenda kunywa chai, akanitambua kwa sababu niliwahi kumfundisha mwanawe Sunday school. Barua ikapatikana kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwenda mwenyewe. Mambo ya simu na barua pepe ni ya watoto wa boom, ile pesa ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo.

Kutoka: Alto wa Reading

Shikamoo kaka Maktaba. Ila dada kauliza nani anaandika barua, wewe umemjibu habari za benchi.

Na tiketi ya Calgary mpaka Dar unamlipia wewe?

Dada, mimi nilipita UK ENIC, watathmini wa vyeti wa Uingereza, zamani wakiitwa NARIC, jina walibadilisha 2021 (umeona, hata wao wanabadilisha majina na dunia haikusimama). Hawakutaka bahasha wala mhuri. Niliskani gamba na transkripti, nikapakia, nikalipa, nikasubiri. Lakini gamba langu na transkripti vilitoka siku moja, vyote na jina la zamani, kwa hiyo sikuulizwa kitu. Una ile transkripti ya mwanzo, ya siku ya mahafali? Au na wewe hukumaliza fomu ya kliarensi, ile ya kusainiwa kwamba chuo hakikudai kitu, kama wengine ninaowajua, ambao wana kitabu cha Kigiriki cha maktaba tangu 1999?

Kutoka: Mdogo wa 2016

Shikamooni wakubwa wote.

Dada Calgary pole. Kuhusu bahasha, nawaomba sana: msipitishe bahasha nyumbani. Mimi nilimwomba chuo ampe mama, mama aipeleke kwa wasafirishaji, maana ofisi yao iko karibu na anapouza. Mama akaifungua. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Miaka minne nimelipa ada, sikuwahi kuona matokeo yako hata siku moja. Hii 'C' ya Takwimu ni nini?"

Akaifunga tena kwa selotepu, akatuma. Watathmini wakaikataa siku hiyohiyo. Nikaanza upya, ada ya transkripti mara mbili, na mama mpaka leo ananiuliza habari za Takwimu kwenye simu mbele ya wageni.

Ila mimi jina la chuo lilikuwa tayari jipya, kwa hiyo la barua silijui.

Kutoka: Fundi wa Bonn

Huku kwetu barua haina kazi. Unaingia anabin, orodha ya Wajerumani ya vyuo vya nje mtandaoni, unatafuta chuo. Ukikuta H+, umepona. Ukikuta H-, anza maombolezo. Ukikuta H+/-, hapo ndipo unapelekwa ZAB, ofisi yao ya kutathmini vyeti vya nje, na unaanza kujua Wajerumani wana subira kiasi gani.

Nasema hivi kwa sababu nilitafuta chuo chetu kwa jina jipya sikukiona, nikadhani ndiyo basi. Mke wangu akaniambia jaribu la zamani. Dada, waombe hao watathmini watafute kwa jina la chuo mama. Huenda wanalo kwenye orodha yao na hawajui wanatafuta nini. Na siyo sisi peke yetu: Iringa walikuwa chuo kishiriki cha Tumaini mpaka 2013, Ruaha na Mwenge walikuwa chini ya SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) mpaka 2014. Waliohitimu huko kabla ya hapo wana tatizo hilihili la majina mawili ya chuo, na huenda wengine wako Kanada. Waulizeni.

Kutoka: Dada wa Calgary

Asante Fundi, hilo la kutafuta kwa jina la chuo mama nitawaandikia leo. Asante Mdogo, nimecheka mpaka mwanangu ameamka.

Alto, transkripti ya mwanzo ninayo, ila ni nakala ya mwanafunzi, na wao wanataka itoke chuoni moja kwa moja. Kliarensi nilimaliza, hata yule mama wa michezo alinisainia, na sikuwahi kugusa mpira.

Na la majina je?

Kutoka: Alto wa Reading

La majina ndilo langu hasa. Nilipoolewa nilibadilisha kila kitu, hati ya kubadili jina nikasajili, pasipoti ikatoka na ubini wa mume. Halafu nikaja kugundua vyeti vya shule havibadiliki. NECTA hawakuchapii cheti kingine kwa sababu umeolewa, na chuo kinafuata jina la cheti cha kidato cha nne. Kwa hiyo utatembea na ile hati na cheti cha ndoa mpaka uzeeni, kama mtu anayebeba mwavuli jua likiwaka.

Cheti cha ndoa nenda kakihakiki RITA kwanza. Cha kanisani hawakielewi.

Kutoka: Mzee wa Maktaba, St. Paul

Hapana, hapana. Hakuna kitu kinaitwa "cha kanisani." Mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa anatoa cheti cha Serikali, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kile chenye picha ya njiwa ndicho cha kanisani. RITA wanahakiki kile kingine. Tuwe makini tunapowashauri watu.

Na kosa lilianza mbali zaidi. Sisi hatuna ubini. Tuna jina langu, la baba, la babu. Mtu anakuuliza "surname," unampa la babu, basi babu ndiye analipa kodi ya Marekani. Mimi hapa kazini wananiita kwa jina la babu yangu, mtu aliyefariki bila kuvaa viatu, na ndiye anayeitwa kwenye vikao vya Zoom. Wanangu ubini wao ni babu yangu. Nikimwandikia mjomba kijijini, anauliza huyu ni nani. Kama tungekuwa na uraia pacha ningefanya mpango wa kulisahihisha, lakini sasa nalisahihisha wapi? Kule mimi ni mgeni, huku mimi ni babu.

Kutoka: Fundi wa Bonn

Tumeanza uraia pacha. Nilikuwa nahesabu dakika.

Kutoka: Mzee wa Maktaba, St. Paul

Wewe ukitoka Bonn na pasipoti nyekundu ya Kijerumani ukaomba viza ya kwenda kumzika mama yako, ndipo utahesabu dakika vizuri.

Kutoka: Mdogo wa 2016

Wakubwa, si kuna ile hadhi maalum ya wanadiaspora?

Kutoka: Mzee wa Maktaba, St. Paul

Hadhi maalum siyo uraia, mwanangu. Mgeni akikaribishwa sebuleni bado ni mgeni.

Kutoka: Katibu

Wapendwa, tuelekeze roho zetu kwenye shukrani kidogo. Taarifa za mwezi:

Mama Pacha na mumewe, kama mlivyoona, wamepata wa kike na wa kiume. Mwenzetu wa Leeds ametetea tasnifu na kufaulu, ila marekebisho ni mengi, muombeeni. Mwenzetu aliyekuwa mwenyekiti wa kwaya ya vijana amewekewa mikono ya uchungaji. Ndiyo, yuleyule. Mungu ni mwema.

Kanisa la chuo limevuliwa bati, linaezekwa vigae. Michango bado inapokelewa.

Kwa masikitiko, Mama wa Mgahawa ametutoka wiki iliyopita akiwa kwake. Mazishi yalifanyika Alhamisi. Waliosoma miaka yake hawahitaji maelezo.

Ibada ya shukrani na kumbukumbu kwa Zoom itakuwa Jumamosi saa 2 usiku saa za nyumbani, yaani saa 8 mchana Uingereza.

Kutoka: Alto wa Reading

Nimelia. Mtu akichelewa boom alikula kwa daftari, na daftari lenyewe alikuwa halisomi. Alituandika kwa alama: mimi nilikuwa mistari miwili na nukta. Nilipokwenda kulipa deni siku ya mahafali akasema "nukta imefutika, lipa mistari."

Na Katibu, saa 2 usiku nyumbani ni saa 12 jioni huku. Mwaka jana ulituambia hivyohivyo nikaingia peke yangu, nikaimba beti zote tatu.

Kutoka: Fundi wa Bonn

Bonn saa 1 usiku. St. Paul saa 6 mchana. Calgary saa 5 asubuhi. Mtu aziandike ukutani.

Vigae? Mvua itasikikaje? Mnakumbuka lile bati, mhubiri alikuwa anasimama tu na Biblia mkononi anangoja, na sisi tunangoja, hakuna aliyetoa simu. Nusu saa ya kusikiliza mvua. Sijapata tena ibada kama ile.

Kutoka: Mdogo wa 2016

Mimi nilikuwa nalala.

Samahani niulize hapahapa kabla sijasahau: Bodi ya Mikopo wameniandikia. Ni kweli tukiwa nje wanaongeza ile 6%?

Kutoka: Alto wa Reading

Ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, Mei Mosi. Mama Samia alitangaza mwenyewe. Usilipe kitu kilichofutwa.

Kutoka: Mzee wa Maktaba, St. Paul

Iliyofutwa ni 6%. Makato ya 15% ya mshahara kwa walioajiriwa nyumbani yako palepale. Wewe uliye nje, ingia kwenye akaunti yako kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, uone deni lililobaki, ukubaliane nao. Sisi tulisoma kwa mahindi ya wazazi, lakini mnatuuliza sisi.

Kutoka: Dada wa Calgary

Wapendwa, poleni kwa msiba. Nilikuwa mistari mitano.

Watathmini wamenijibu. Chuo mama wanacho kwenye orodha, asante Fundi. Lakini bado wanataka barua inayounganisha majina mawili ya chuo, yenye saini na mhuri, iliyotumwa na "mamlaka inayohusika." Nimewauliza mamlaka hiyo ni ipi. Wamesema chuo kitajua.

Na nyongeza: kitambulisho cha NIDA nacho kina jina la kabla ya ndoa.

Kutoka: Mzee wa Maktaba, St. Paul

Kama nilivyosema tangu mwanzo, benchi.

Kutoka: Fundi wa Bonn

Mimi naenda nyumbani Desemba, wiki tatu. Dada, niandikie kibali cha kukuwakilisha, kisainiwe na wakili wa huko, na nakala ya gamba. Nitakaa kwenye hilo benchi kwa niaba yako. Ila niambie kabla sijakata tiketi ya basi, benchi la chuo kipi?

Kutoka: Mdogo wa 2016

Kaka Fundi, unapita Dar? Mama ana bahasha yangu nyingine. Ameapa hajaifungua.