Kampuni za utalii, acheni kuuza historia ya Iringa kama hamuijui!

Wakuu, nimekereka na hili sitalinyamazia. Kuna kampuni (jina naliweka kando kwa sasa, nawapa nafasi ya kurudisha hela) ilitangaza safari ya "historia ya Iringa": Lugalo, Isimila, Kalenga, Boma na Mlambalasi. Watu tukalipa, wengine wakaja na watoto wao wa shule wapate kujifunza. Tumeishia kuzungushwa.

Lugalo hatukushuka kabisa. Kosta ilipita mbio, muongozaji amelala kiti cha mbele. Pale ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipokifyeka kikosi cha Wajerumani, wengi wao wakiwa na mikuki tu, na kamanda Emil von Zelewski akafia hapohapo. Mnara uko kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, huhitaji hata kuchepuka. Dakika kumi mmetunyima za nini?

Isimila, kwenye korongo la zana za Zama za Mawe, ndiko nilikoishiwa uvumilivu. Mhudumu wa kituo alikuwa bado na kundi lingine, muongozaji wetu akasema hatuna haja ya kumsubiri, yeye anapajua. Tukashuka korongoni. Kijana mmoja akaokota shoka la jiwe, lile la umbo la tone, limechongwa pande zote mbili, akalitia kwenye begi. Muongozaji anaona! Eti "chukua tu, yako mengi". Nimepiga kelele mpaka likatolewa, likatupwa kando ya njia, mbali na lilipookotwa.

Jamani, zana zile zina zaidi ya miaka 200,000. Wataalamu walichimba pale 1957 na 1958 kwa utaratibu kwa sababu jiwe linasema kitu likiwa mahali pake: limelala tabaka gani, jirani na mifupa gani. Likishahamishwa, limebaki jiwe tu. Na Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, siyo kwamba ni shamba la bibi. Hapohapo wengine wamekwea mashina ya zile nguzo za udongo kupiga selfi. Nguzo zimechongwa na maji ya mvua kwa miaka mingi mno, udongo unamomonyoka ukiugusa kwa kiatu, na hakuna aliyewakataza.

Kalenga nako, kabla hatujaingia ndani ya makumbusho, muongozaji akawaambia watoto kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliuawa na Wajerumani vitani hapo mwaka 1894. UONGO. Ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, Mkwawa akatoroka na kuwasumbua kwa vita vya msituni karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, walipomzingira, alijipiga risasi mwenyewe asikamatwe hai. Wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwataka Wajerumani warudishe fuvu lake, na bado likaja kukabidhiwa 1954, kwa mjukuu wake Chifu Adam Sapi Mkwawa, huyohuyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mtoto aliyetoka pale akiamini alikufa 1894 amenyang'anywa sehemu nzito kuliko zote.

Mlambalasi, alikozikwa mwili wa Mkwawa, ikafutwa: "muda umeisha". Muda gani, wakati tulikaa mjini saa nzima kumsubiri dereva aliyekwenda kwenye shughuli zake? Boma, lile jengo la Wajerumani mjini ambalo sasa ni makumbusho, tukalipiga picha kwa nje, tukageuza.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa Iringa imefanywa kituo cha kulala na kujaza mafuta kwa wanaokwenda Ruaha kuona tembo. Mtu akijitokeza kusema atauza historia, anakuja na mikono mitupu.

Ninachotaka: hela ya Lugalo, Boma na Mlambalasi irudi kwa wote tuliokuwemo, na yule muongozaji asipelekwe tena Isimila. Na kama kuna mkuu anayemjua mwenyeji wa Iringa anayeifahamu historia hii vizuri na anapokea vikundi, ataje hapa chini. Wale watoto lazima warudi Kalenga.