Gumzo la kikundi cha ukoo: Detroit, Cleveland na ratiba ya mwezi wa tisa

Jumatatu, 29 Septemba 2025

[18:41] Kassim (Dearborn): Assalam aleikum jamaa. Nimeamka na moyo mzito. Kwa ambao hamkufuatilia: jana Tigers, timu yetu ya besiboli ya Detroit, wamepoteza mechi Boston, na Cleveland wamelichukua kundi letu kwa kumaliza wa kwanza. Ushindi 88 kwa 87. Mechi moja tu katika 162.

[18:43] Rukia (Columbus): Waaleikum salaam mdogo wangu. Pole, tena pole ya kweli. Mimi shabiki wa Cleveland huku sikulala kwa furaha, lakini najua Julai ulikuwa na hali gani.

[18:44] Kassim: Da Rukia, tarehe 8 Julai tulikuwa tumeshinda 59 na kupoteza 34. Nyinyi mlikuwa nyuma yetu kwa mechi 15 na nusu. Nilishaanza kuulizia bei ya tiketi za Oktoba.

[18:46] Mjomba Athman (Kisauni): Hebu nisaidieni. Hiyo nusu ya mechi inatoka wapi?

[18:48] Fatma (Kisauni): Mjomba, wanachukua tofauti ya ushindi na tofauti ya vipigo, wanajumlisha, kisha wanagawa kwa mbili. Timu zikiwa hazijacheza idadi sawa ya mechi, ndipo nusu inapotokea.

[18:49] Mjomba Athman: Ahsante mwanangu. Na pengo la 15 na nusu limewahi kufutwa?

[18:50] Rukia: Halijawahi, Mjomba. Boston Braves walifuta 15 mwaka 1914, na rekodi ile ikakaa zaidi ya miaka mia. Cleveland ndio wameivunja jana. Na mwanzoni mwa Julai tulikuwa tumetoka kupoteza mechi 10 mfululizo!

[18:53] Kassim: Mimi siwanyimi sifa zenu. Ninachosema ni ratiba. Itazameni wiki ya mwisho: sisi mechi 6 zote ugenini, 3 Cleveland kisha 3 Boston. Nyinyi mechi 6 zote nyumbani, 3 na sisi, 3 na Texas. Na Texas walikuwa wameshatoka, hawana wanachokipigania. Boston walikuwa wanatafuta nafasi ya mchujo, yaani mashindano ya Oktoba ya kutafuta bingwa, kwa kucha na meno, na waliipata Ijumaa kwa kutufunga sisi.

[18:55] Rukia: Basi jana Jumapili Boston hawakuwa tena na dhiki, nafasi walikuwa nayo mkononi. Mbona mkapoteza?

[18:55] Kassim: 😔

[18:58] Mjomba Athman: Ngojeni, msikimbie. Mimi nimefundisha vijana mpira miaka mingi, na ligi ninayoijua ni hii: timu 20, kila mmoja unakutana naye nyumbani na ugenini, mechi 38, basi. Mwisho wa msimu hakuna aliyepata njia rahisi kuliko mwenzake. Huko kwenu ugumu wa ratiba unaingilia mlango gani?

[19:03] Rukia: Timu ziko 30, Mjomba. Ligi mbili, kila ligi makundi matatu, kila kundi timu tano. Sisi na Detroit tuko kundi la kati la Ligi ya Amerika, pamoja na Minnesota, Kansas City na Chicago White Sox. Mwenzako wa kundi unacheza naye mara 13. Timu nyingine za ligi yako, mara 6 au 7. Ligi ile nyingine, Ligi ya Taifa, unakutana na timu zote 15, lakini nyingi kwa mechi 3 tu. Mpaka 2022 wenzako wa kundi ulikuwa unacheza nao mara 19 kila mmoja! Walibadilisha 2023, wakapunguza.

[19:05] Fatma: 13 mara 4 ni 52. Zamani 19 mara 4 ilikuwa 76. Kwa hiyo zamani karibu nusu ya msimu ulikuwa unaicheza mtaani kwako. Sasa haifiki hata theluthi.

[19:08] Mjomba Athman: Nimeanza kuona. Kama majirani zako ni dhaifu, unashiba. Kama ni wakali, utakonda hata ukiwa mzuri.

[19:11] Omari (Minneapolis): Ndiyo hivyo hasa Mjomba, na mfano wake unauma. 2015, kundi la kati la Ligi ya Taifa: St. Louis walishinda 100, Pittsburgh 98, Cubs (timu nyingine ya Chicago) 97. Hakuna timu nyingine yoyote Marekani iliyofika 97 mwaka ule. Mets walichukua kundi la mashariki kwa 90, Dodgers la magharibi kwa 92. Pittsburgh na 98 zao wakapangiwa mechi moja ya kufa na kupona dhidi ya Cubs, wakafungwa 4-0, msimu ukaisha. Ushindi 98 jamani! Wangekuwa mashariki wangekuwa mabingwa wa kundi.

[19:12] Kassim: Umeona Da Rukia? Ratiba si kisingizio.

[19:16] Rukia: Sijasema ni kisingizio. Lakini mfano wa Omari unalinganisha kundi na kundi. Sisi na nyinyi tuko kundi moja! Wapinzani wetu ni karibu wale wale: White Sox mara 13 mimi, mara 13 wewe. Minnesota vile vile, Kansas City vile vile. Ligi ya Taifa timu zote 15, wote sisi. Ukijumlisha mechi 162, njia yako na yangu zinatofautiana kwa mechi chache sana. Hapo ratiba haiwezi kumwiba mtu.

[19:18] Rukia: Na mwaka jana ratiba ilipokupa zawadi hukulalamika. 27 Septemba 2024 mliingia mchujo, mara ya kwanza tangu 2014. Mlimfunga nani siku ile?

[19:19] Kassim: White Sox.

[19:19] Rukia: White Sox, kipigo chao cha 121. Timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko zote katika besiboli ya zama hizi, na ndiyo iliyokuja kwenu wiki ya mwisho.

[19:21] Kassim: Ni kweli. Lakini kumbuka mwezi wa nane mwaka ule tulikuwa tumeshinda 55 na kupoteza 63, kisha tukashinda 31 kati ya 44 za mwisho. Hizo zote hazikuwa White Sox.

[19:26] Omari: White Sox wa 2024 ni somo zima. Kansas City waliwafunga mara 12 kati ya 13. Waliingia mchujo na ushindi 86, vipigo 76. Fatma, toa hizo mechi 13 utuambie.

[19:28] Fatma: 74 kwa 75. Yaani bila White Sox walipoteza nyingi kuliko walizoshinda.

[19:30] Omari: Sasa Seattle mwaka ule ule walishinda 85 wakakosa nafasi kwa mechi moja. Wao wako kundi la magharibi, White Sox walikutana nao mara zisizozidi 7. Hapo ndipo mimi naona dhuluma yenyewe: nafasi za ziada za mchujo, za timu ambazo hazikuchukua kundi, zinagombewa na makundi yote matatu kwenye msimamo mmoja, na kila kundi limepita njia yake.

[19:31] Mjomba Athman: Hilo ni jambo zito. Mnapima kwa mizani moja watu waliobebeshwa mizigo tofauti.

[19:34] Omari: Lakini Mjomba, sisi Twins wa Minnesota pia tuliwafunga White Sox mara 12 kati ya 13 mwaka ule. Tukamaliza na 82, tukabaki nje. Mteremko tulipewa sawa na Kansas City, hatukuutumia.

[19:40] Mama Kassim: Kassim mwanangu, umekula? Tangu saa kumi na mbili na nusu nakuona humu.

[19:41] Kassim: Nimekula Mama, niko mapumziko ya mchana kazini. Shikamoo.

[19:41] Mama Kassim: Marahaba. Haya, endeleeni.

[19:47] Kassim: Da Rukia, nakubali hoja ya 162. Wapinzani ni wale wale. Lakini huwapati kwa siku zile zile, na mimi lalamiko langu liko hapo. Tarehe 16 Septemba tulikuwa mbele kwa mechi 6 na nusu. Tazama kilichofuata. Cleveland wakaja Detroit, wakashinda zote tatu. Kisha 19 hadi 21, sisi tulikuwa na Atlanta, nyinyi mlikuwa Minneapolis.

[19:50] Omari: Nilikuwepo Target Field, uwanja wa Twins, Jumamosi ile. Mechi mbili siku moja, na timu yetu haikupata hata pointi katika zote mbili. Lakini nani angeweza kulijua hilo mapema? Ratiba ya 2025 ilitangazwa Julai 2024. Wakati ule Minnesota ilikuwa timu ya kuogopwa. Halafu kufikia 31 Julai mwaka huu, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, wakaachia karibu wachezaji kumi. Correa akarudi Houston, Duran akaenda Philadelphia. Waliopanga ratiba waliandika Twins, waliotokea uwanjani ni vijana wengine kabisa.

[19:52] Mjomba Athman: Kwa hiyo ugumu wa mechi hauandikwi kwenye karatasi. Unategemea umemkuta mtu mwezi gani.

[19:55] Rukia: Sawa, na Atlanta je? Kassim, Atlanta wamemaliza msimu na ushindi 76 na vipigo 86. Walikuwa wameshatoka kwenye hesabu. Kwa karatasi hiyo ndiyo mechi nyepesi uliyopewa, tena nyumbani kwako. Mlipoteza zote tatu.

[19:57] Kassim: Atlanta walikuwa wamewaka moto wiki ile ile. Mwezi wa tano au wa sita tungewakuta wengine.

[19:58] Rukia: Hapo umesema kweli.

[20:02] Mjomba Athman: Mimi timu iliyotoka mashindanoni naiogopa sana. Haina presha. Mwalimu anawaingiza chipukizi, na chipukizi anacheza kutafuta kazi ya mwaka ujao. Huko kwenu wanaruhusiwa kuongeza wachezaji mwisho wa msimu?

[20:04] Omari: Ndiyo Mjomba. Kuanzia tarehe 1 Septemba kikosi kinatoka 26 kwenda 28. Hao wawili wa ziada mara nyingi ni vijana.

[20:10] Fatma: Nimekaa na msimamo hapa. Da Rukia, Cleveland na Detroit walikutana mara 13 mwaka mzima, Cleveland 8, Detroit 5. Lakini 6 kati ya hizo 13 ziliwekwa wiki mbili za mwisho, na Cleveland walishinda 5. Maana yake kabla ya hapo Detroit ndio waliokuwa mbele, 4 kwa 3.

[20:12] Fatma: Tena mechi ya ana kwa ana inahama mara mbili. Kaka Kassim, mngeshinda moja tu zaidi kati ya zile sita, nyinyi mngekuwa 88 na Cleveland 87. Sio sare. Mngekuwa juu.

[20:13] Kassim: Fatma umenimaliza. Na ni kweli.

[20:17] Rukia: Ahsante Fatma, hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu mwanzo. Zile mechi sita za mwisho ndizo zilizotupa mlango. Zingewekwa mwezi wa tano, halafu Septemba sisi tunacheza na watu wengine, tungeshinda zetu na kukaa tunaombea Detroit wapoteze zao. Pengo la 6 na nusu ukiwa huna mkono kwa unayemfukuza ni kubwa sana. Ukikutana naye mara sita, unalimega mwenyewe.

[20:20] Kassim: Na mzigo wa kumlinda Skubal nao ni ratiba. Mshindi wa tuzo ya Cy Young mwaka jana, mrushaji bora wa ligi nzima, lakini mrushaji anayeanza mechi anapumzika siku nne au tano. Kwa hiyo mechi tatu unampata mara moja. Tarehe 23 tulimweka yeye, pale kwenu, tuko mbele, na raundi ya sita ya mechi ile ikavunjika yote. 5-2. Siku ile ndiyo mliyotufikia.

[20:22] Rukia: Siku ile hata sisi hatukushangilia vizuri. David Fry, mchezaji wetu, alipigwa na mpira usoni, mpira wa Skubal mwenyewe. Uwanja mzima ulinyamaza. Skubal alikwenda kumwona hospitali, na mimi namheshimu kwa hilo.

[20:23] Kassim: Alionekana hata pale pale uwanjani amepotea. Ndiyo, namheshimu pia.

[20:27] Mjomba Athman: Sasa niambieni mimi mzee. Kassim, kama ningekupa ratiba ya Cleveland na Rukia nikampa yako, kuanzia Julai mpaka jana, nani angechukua kundi?

[20:31] Kassim: Tangu 8 Julai tumeshinda 28 na kupoteza 41, Mjomba. Mechi 69. Katika mechi 69 unakutana na wazito na wepesi, nyumbani na ugenini. Ratiba inaweza kueleza mechi mbili, tatu. Wiki hii ya mwisho naidai moja, ile ya ugenini Boston, na moja ndiyo iliyotutenga. Lakini 41 siwezi kuidai ratiba.

[20:33] Rukia: Nami nakupa hiyo moja. Kumaliza mechi 6 nyumbani dhidi ya mtu aliyemaliza 6 ugenini, hiyo ni faida, sitaikataa.

[20:35] Omari: Na faida inaendelea kesho. Wameshika kundi, kwa hiyo kwenye orodha ya mchujo ya Ligi ya Amerika wao ni wa tatu na Detroit ni wa sita, na raundi ya kwanza mechi zote tatu zinachezwa Cleveland. Hakuna hata moja Detroit.

[20:36] Mjomba Athman: Hawa wawili wanakutana tena?!

[20:36] Rukia: Kesho, Mjomba. Mechi tatu, atakayeshinda mbili anaendelea.

[20:38] Kassim: Na kesho anarusha Skubal. Kama tunaitaka, ni kesho.

[20:40] Mjomba Athman: Saa ngapi huku?

[20:41] Kassim: Saa saba mchana huku, kwenu saa mbili usiku.

[20:43] Mjomba Athman: Nitakuwa nimeshatoka msikitini. Fatma, njoo na ile kompyuta yako, na umwambie mama yako tutakula kwangu. Kassim, mimi kesho niko upande wako. Rukia usinikasirikie, wewe una nyumba yako.

[20:44] Rukia: Sikasiriki Mjomba. Lakini baada ya mechi tupigiane, nyote, hata iwe usiku.