Acheni kuwaambia wageni "nunua lenzi" wakati hata picha yenyewe hamjaifungua

Wakuu salaam. Nauandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Nimesoma ule uzi wa dada mgeni aliyeweka picha ya mwanawe akaomba msaada, nimesoma majibu yote mpaka la mwisho, na inauma. Watu wazima, wazoefu, wengine mmeshika kamera tangu enzi za filamu, na hakuna hata mmoja aliyeifungua ile picha akaitazama.

Alichouliza ni kitu chepesi. Ana kamera ya kuanzia, yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), pamoja na ile lenzi inayokuja nayo ndani ya boksi, 18-55mm. Kampiga picha mtoto sebuleni jioni, amekaa kwenye kiti anapiga makofi. Picha imetoka na ukungu, anauliza kosa liko wapi. Jibu la kwanza: lenzi ya boksi ni takataka, chukua 50mm f/1.8 (namba ya f ni tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). La pili: hapana, achukue 85mm f/1.4. La tatu: hata lenzi haitamsaidia, ahamie kwenye kamera ya sensa kubwa. Baada ya hapo mkaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu kampuni ipi ni bora, mwenye swali mkamsahau. Mwishoni dada wa watu anauliza kama aiuze kamera yake. Hapo ndipo damu iliponichemka.

Haya, ifungueni ile picha sasa hivi. Angalieni mgongo wa kiti: nyuzi zilizosukwa zinahesabika moja moja. Vifungo vya shati la mtoto pale tumboni vimekaa safi, mpaka matundu ya uzi yanaonekana. Halafu pandeni juu kwenye viganja: vimekuwa moshi. Kidevu kimevutika upande mmoja, na jicho la kulia lina kama kivuli cha pili pembeni yake. Lenzi mbovu haichagui. Ingekuwa lenzi, vifungo navyo vingekuwa na ukungu. Ungekuwa mkono wa mpigaji umetikisika, kiti na mtoto vyote vingevutika kwa mwelekeo mmoja. Ingekuwa fokasi imekosewa, vile vifungo visingekuwa safi namna ile. Kilichosogea ni mtoto, basi.

Na kama macho hayatoshi, taarifa za picha zipo ndani ya faili, hazijafutwa: 55mm, f/5.6, kasi ya shata 1/30 ya sekunde, ISO 100 (ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ilioupokea). Mtoto anayepiga makofi kwa 1/30! Hata lenzi ghali kuliko zote duniani isingeyasimamisha yale makofi. Anahitaji angalau 1/250. Kutoka 1/30 kwenda 1/60, kisha 1/125, kisha 1/250 ni hatua tatu, na kila hatua inapunguza mwanga nusu. Hatua hizo tatu anazirudisha kwa kupandisha ISO kutoka 100 kwenda 200, 400, mpaka 800. Mwangaza wa picha unabaki uleule, makofi yanasimama, na hajatoa hata senti. Jibu lilikuwa hilo tu, sentensi mbili. Mngeliona kama mngeangalia. Daktari gani anaandika dawa kabla hajamgusa mgonjwa?

Najua mtasema 50mm f/1.8 ni lenzi nzuri. Ni nzuri kweli, na sina ugomvi nayo. Kutoka f/5.6 mpaka f/1.8 unapata mwanga karibu mara kumi, na kwa bei yake ni vigumu kupata lenzi nyingine inayokupa hivyo. Lakini mmemwambia hasara zake? Kwenye sensa yake ndogo hiyo 50mm inaona upana sawa na 75mm kwenye sensa kubwa, yaani eneo jembamba. Sebule yenyewe inaonekana ni ndogo, atarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta na bado miguu ya mtoto itakatika. Akifungua tundu lote la f/1.8 akiwa mita moja kutoka kwa mtoto, sehemu iliyo safi ina kina cha takribani sentimita 3. Jicho likiwa safi, sikio limeshapotea. Na mtoto huyu hatulii. Atarudi hapa na picha yenye ukungu mbaya zaidi, na wale wale mtamwambia anunue nyingine.

Kibaya zaidi ni hii hofu ya ISO mnayowapandikizia wageni. Kila siku nasoma humu "usipite ISO 400, picha itaharibika". Dada yule kaiacha ISO 100 kwa sababu mtu fulani alimtisha. Chenga, yaani vile vidoa vya punjepunje, zinazoletwa na ISO 800 kwenye kamera za miaka hii ni kidogo sana, na programu ya kuhariri inazipunguza kwa dakika moja. Picha iliyotikisika hakuna programu itakayoiokoa ikarudi kuwa picha safi. Kati ya chenga na mtikisiko, chagueni chenga kila siku.

Hofu hiyo mnaipata wapi? Mnaipata kwa kukuza picha asilimia 100 kwenye skrini na kuanza kuhesabu pikseli. Faili la megapikseli 24, kama la yule dada, lina pikseli 6000 kwa 4000. Kwenye skrini ya pikseli 1920, ukikuza asilimia 100 unaona chini ya theluthi moja ya upana wa picha. Ni sawa na kusimama pua ikigusa picha yenye upana wa zaidi ya mita moja na nusu. Hakuna anayetazama picha hivyo. Printini ile picha kwa sentimita 10 kwa 15, mpeni bibi yake aishike mkononi, mwone kama atauliza habari za chenga.

Ndiyo maana nasema tatizo letu kubwa ni kwamba humu ndani karibu hakuna anayesafisha picha, yaani kuzitoa kwenye karatasi. Tunashauriana lenzi mwaka mzima, tukiulizwa kuhusu karatasi kila mtu kimya. Na wachache mnaojibu mnapotosha. Kuna kijana aliuliza kwa nini picha zake zinatoka nyeusi akiziprinti, akaambiwa "weka DPI 300", yaani nukta 300 kwa kila inchi. Wakuu, ile namba ya DPI ndani ya faili ni lebo tu. Ukiibadilisha kutoka 72 kwenda 300 bila kugusa pikseli, hakuna hata pikseli moja inayoongezeka, na weusi wa picha haiugusi popote. Kinachohesabika ni pikseli ulizonazo na ukubwa wa karatasi. Kwa sentimita 20 kwa 30 kwa ubora wa pikseli 300 kila inchi, unahitaji kama pikseli 2362 kwa 3543, yaani megapikseli 8 na kidogo. Kamera ya yule dada ina karibu mara tatu ya hiyo, halafu mnamwambia haitoshi! Faili lake linafika karibu sentimita 51 kwa 34 kwa ubora huohuo, na picha ya ukutani inayotazamwa kwa mbali inavumilia pikseli chache zaidi kwa kila inchi.

Picha za yule kijana zinatoka nyeusi kwa sababu skrini yake ameiwasha mpaka mwisho. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inategemea mwanga wa chumba. Ukihariri kwenye skrini inayowaka kupita kiasi, unaona picha inang'aa, unaishusha kidogo ikae sawa, na ikifika kwenye karatasi imekuwa jioni. Wanaofanya kazi ya kuprinti huishusha skrini mpaka kandela (kipimo cha mwanga) 80 hadi 120 kwa kila mita ya mraba. Kama huna kifaa cha kupimia, fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe pembeni yake chini ya taa unayoitumia, punguza skrini mpaka vyeupe vyote viwili vikaribiane. Halafu ndiyo uhariri. Na usiyaamini macho peke yake, tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha yenye giza kushoto na weupe kulia. Kama mlima wote umelalia kushoto, picha ni nyeusi hata kama skrini inakuambia vingine.

Kingine kinachoniudhi ni picha kutumwa kwa mchapaji kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Inabanwa, pikseli zinapungua, halafu lawama anapewa mchapaji au lenzi. Itume kama dokumenti au ipeleke kwenye flashi. Na mfumo wa rangi wa faili uwe sRGB, ule wa kawaida, isipokuwa mchapaji mwenyewe amekuambia anapokea Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana zaidi. Faili la Adobe RGB likisomwa kana kwamba ni sRGB rangi zinapauka, na kila mtu humu anakimbilia kusema "hizo rangi ni za lenzi".

Vipimo navyo. Picha ya kamera nyingi ina uwiano wa 3 kwa 2. Inakaa sawasawa kwenye 10 kwa 15 na kwenye 20 kwa 30. Ukiomba 20 kwa 25 lazima sentimita 5 kati ya zile 30 zikatwe, na mashine haijui kichwa cha mtu kiko wapi. Kata mwenyewe kabla hujapeleka.

Sasa nifike kwenye kuhariri, maana hapa hasira yangu ina sababu ya zamani zaidi. Katika uleule uzi kuna mkuu mmoja alimtumia dada kifurushi cha mipangilio ya kupakua, "bonyeza mara moja ngozi inakuwa laini". Nimekijaribu kwenye picha ya mtoto. Ngozi yake ni nyeusi ya kupendeza, ina mng'ao wa taa upande wa shavu. Baada ya kubonyeza, lile shavu likawa la kijivu kama limepakwa majivu, mng'ao umekufa, na mtoto amekuwa mweupe kuliko alivyozaliwa. Mipangilio mingi ya namna hiyo inapandisha mwangaza wa rangi ya chungwa, kwa sababu ngozi za watu karibu wote huangukia hapo, na aliyeitengeneza alikuwa anatazama ngozi nyeupe. Jambo hili lina historia. Kodak kwa miaka mingi ilisambaza kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley, na maabara zikawa zinapanga rangi kwa kumfuata yeye. Ngozi nyeusi zililipa gharama hiyo kwenye albamu za familia. Leo tuna uwezo wa kupanga kila rangi wenyewe, halafu tunawapa watoto wetu majivu kwa hiari yetu! Mimi nilipeleka picha za harusi ya ndugu yangu kwa mchapaji, mashine yao ikarekebisha rangi yenyewe bila kuulizwa, bibi harusi akarudi na rangi ambayo hata mama yake hakuitambua. Siku hizi kabla sijalipa nawaambia wazime marekebisho ya mashine na wanitolee moja ya majaribio.

Kama mnataka kumsaidia mtu kuhariri, mwambieni apige RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16384, kwa hiyo kuna nafasi ya kuinua uso uliofunikwa na kivuli bila kuuchana. Arekebishe weupe wa taa kwanza (white balance, ili cheupe kionekane cheupe), mwangaza pili, ngozi aiguse mwisho na kwa mkono mwepesi.

Na mchana asogeze kiti karibu na dirisha. Hilo nalo hakuna aliyelisema, kwa sababu dirisha haliuzwi dukani. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, picha zake nyingi akazipiga uani kwa mwanga wa jua, nyuma ametundika shuka la kutandikia kitanda. Picha zile leo ziko kwenye makumbusho. Mwanga aliujua kuliko sisi tunavyozijua namba za lenzi.

Dada, kama unausoma uzi huu, usiuze kitu. ISO 800, kasi 1/250, taa zote za sebule ziwashwe, lenzi ileile. Ikitoka nyeusi kidogo panda mpaka ISO 1600 bila kuogopa. Kisha printi moja ndogo kabla ya kuhukumu.

Kwa wasimamizi, nina ombi moja na naomba lijibiwe: uzi wowote wa kuomba ushauri wa lenzi ufungwe hadi muulizaji aweke picha yenyewe, taarifa zake za shata, tundu na ISO, na aseme anataka kuiprinti kwa ukubwa gani. Na anayejibu bila kutaja chochote kilichomo ndani ya picha hiyo, jibu lake lifutwe.