Mama amekataa kupanda treni kwa mambo aliyoambiwa. Nimjibuje?

Mtoto wa Mwisho
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kufanya kazi za reli.

Mama yangu ana miaka 71. Mwezi ujao tunatakiwa kwenda kwa dada yangu aliyejifungua, safari ya saa tisa. Kwenye basi miguu yake huvimba, hawezi kukaa muda wote huo bila kuinuka. Nikaona treni ndiyo nafuu yake, atatembea kidogo ndani ya behewa na kujinyoosha. Amekataa katakata.

Kuna jirani amemjaza hofu. Kwamba kwenye kona treni inashikiliwa na ule ukingo mwembamba wa gurudumu tu, ukiteleza imekwisha. Kwamba breki zake ni za upepo, kwa hiyo upepo ukivuja hakuna breki. Kwamba dereva akizirai treni inakwenda hadi igonge kitu. Na kwamba sarafu moja relini inatosha kuipindua.

Hilo la sarafu nilimjibu mwenyewe. Mwanangu wa miaka 11 hupita na wenzake relini wakitoka shule, ni njia ya mkato, na huweka sarafu wakasubiri treni ipite. Inabaki bapa kama karatasi, treni haina habari. Wala hawapati shida, maana treni husikika kutoka mbali, wanasogea pembeni. Mama hakuridhika. Hayo mengine sina majibu. Nisaidieni, nataka asafiri akiwa na amani.

Mzee wa Breki
Pole kwa mama. Nimeendesha treni miaka 26, sasa nimestaafu. Nianze na breki, kwa kuwa hofu yake ina mizizi.

Breki ya upepo ilibuniwa na Mmarekani George Westinghouse mwaka 1869. Ile ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo anavyosema jirani: hewa ndiyo iliyofunga breki, bomba likipasuka huna kitu. Westinghouse mwenyewe aliuona udhaifu huo, na mwaka 1872 akaugeuza mfumo juu chini. Tangu hapo, hewa iliyojaa kwenye bomba ndiyo inayozuia breki zisifunge. Kila behewa lina tangi lake dogo la akiba. Bomba likikatika, presha inashuka, na kila behewa linajifunga breki lenyewe kwa hewa ya tangi lake. Mabehewa yakiachana njiani, vipande vyote viwili vinasimama. Kwa hiyo uvujaji mkubwa wa upepo unaisimamisha treni, hauiachii ikimbie.

Dereva kuzirai: kichwa cha treni kina kifaa kinachomchunguza. Kwenye vichwa nilivyoendesha, kila baada ya muda mfupi ilinibidi nikanyage pedali au nibonyeze kitufe. Ukinyamaza, kengele inalia. Ukiendelea kunyamaza, breki zinafunga. Niliwahi kuchelewa kidogo nikiwa natafuta miwani iliyoanguka, treni ikaanza kufunga breki mkononi mwangu. Mwambie mama hilo.

Kuhusu mtoto nitarudi. Nimelisoma mara mbili na halijaniacha.

Kokoto
Mkuu, kwenye kona usimweleze kwa maneno, mwonyeshe.

Chukua vikombe viwili vya karatasi, vile vilivyo vipana mdomoni na vyembamba kitakoni. Vigandishe mdomo kwa mdomo. Kisha weka fimbo mbili za ufagio sambamba, zinamishe kidogo, uviviringishe juu yake. Vikienda upande mmoja, vinarudi katikati vyenyewe. Sasa tengeneza vingine, uvigandishe kitako kwa kitako. Vinaanguka papo hapo.

Gurudumu la treni limechongwa kama vile vikombe vya kwanza: upande wa ndani, karibu na ukingo, ni nene kidogo kuliko upande wa nje. Magurudumu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu, yanazunguka pamoja. Treni ikiingia kona, ekseli inasogea kidogo kwa nje. Gurudumu la nje linakanyagia pale penye unene, hivyo kila mzunguko linakwenda mbali zaidi kuliko la ndani, na ekseli inajipinda kufuata kona. Ule ukingo ni mlinzi wa mwisho, kwenye kona za kawaida haushiki kazi kubwa. Isitoshe, reli ya nje ya kona huinuliwa juu kuliko ya ndani, mahali pengine kwa sentimita 15, ili treni iegemee ndani.

Ndiyo maana dereva wa treni hana usukani. Wapo watu wazima ambao bado wanaamini anao.

Binti Nuru
Kama na mbio zinamtisha, mweleze kwamba treni za kasi za Japani, Shinkansen, zilianza Oktoba 1964 zikikimbia kilomita 210 kwa saa, na leo zinapita 300. Tangu zianze, hakuna abiria wa treni hizo aliyekufa kwa sababu ya kugongana au kuacha njia. Sisemi ajali za treni hazipo, zipo na zinaumiza. Ila usalama hauamuliwi na mbio tu. Unategemea njia, ishara na matunzo.

Lakini Mtoto wa Mwisho, kwa heshima zote, umeomba ushauri wa mama na mimi nimesimama kwa mtoto. Bibi ana hofu akiwa salama ndani ya behewa. Mjukuu yuko juu ya reli na hana hofu yoyote, na wewe umetulia. Tafadhali anza na huyo.

Mzee wa Breki
Ahsante Binti Nuru, ndilo nililotaka kurudia.

Mkuu, ni kweli sarafu haipindui treni. Kichwa kinaweza kuwa na uzito wa tani 100 na zaidi. Ila sarafu ikichomoka chini ya gurudumu inaruka kama kitu kilichofyatuliwa. Na mawe usiyaweke kundi moja na sarafu. Jiwe kubwa au chuma relini vinaweza kuleta balaa, hapo mama ana hoja. Halafu watoto wanaosubiri kuona sarafu inavyobapwa wanasimama wapi? Karibu. Behewa ni pana kuliko reli, linazidi kwa zaidi ya nusu mita kila upande. Mtoto anaiangalia reli, anadhani treni inaishia pale.

Sasa "husikika mbali". Gurudumu la chuma linagusa reli ya chuma kwa eneo linalolingana na ukucha wa kidole gumba. Ndiyo maana treni huenda kwa nguvu kidogo, na ndiyo maana haisimami upesi. Treni ndefu ya mizigo iliyo kwenye kilomita 90 kwa saa inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kusimama. Nilishawahi kumwona mtu mbele, nikafunga breki zote, nikapiga honi, kisha nikabaki nimekaa. Huna la kukwepea, huna usukani. Huyo alitoka. Nilipofika stesheni nilishindwa kufungua mlango kwa jinsi mikono ilivyokuwa inatetemeka.

Kifimbo
Jamani mnamtisha mleta mada bure. Sisi tumekulia relini, tumetembea juu ya mataruma tangu wadogo, na tupo. Mtu mwenye masikio yake na macho yake atagongwaje na kitu kikubwa namna ile?

Kokoto
Kifimbo, hoja yako ndiyo wengi wanayoiamini, kwa hiyo naijibu kwa utulivu.

Masikio: ile "tak-tak, tak-tak" tuliyoizoea ilitoka kwenye maungio ya reli. Njia nyingi za siku hizi reli zake zimechomelewa kuwa kipande kimoja kirefu, maungio hayapo. Treni ya umeme ikija kukuelekea, na upepo unavuma kwenda kwake, unaisikia ikiwa imeshafika.

Macho: mwaka 1985 mwanasaikolojia Mmarekani Herschel Leibowitz alieleza kwamba kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko mwendo wake halisi. Ukubwa unaousema ndio unaokudanganya.

Na kama njia ina nyaya za umeme, wengi wanadhani ni lazima uziguse. Volti 25,000 zinaweza kuruka hewani na kumfikia mtu aliyepanda juu ya behewa, au aliyeinua fito ndefu ya chuma.

Msomaji wa Usiku
Niongeze la historia kwa ajili ya Kifimbo. Tarehe 15 Septemba 1830, reli ya Liverpool hadi Manchester ilipofunguliwa, treni ya wageni ilisimama njiani kuchukua maji. Mbunge William Huskisson akashuka akasimama kwenye njia ya pili, akaenda kumsalimu Waziri Mkuu aliyekuwa ndani ya behewa lake. Kichwa cha treni kilichoitwa Rocket kikaja kwenye njia ile ile aliyosimama. Watu walikiona, wakapiga kelele, wengine wakapanda, wengine wakasogea. Yeye alisita, akang'ang'ania mlango wa behewa, mlango ukafunguka ukamtoa nje mbele ya Rocket. Alikufa jioni hiyo. Alikuwa na macho na masikio, na ilikuwa mchana.

Kifimbo
Nimekupata. Sikuwa naijua habari hiyo. Nafuta kauli.

Mtoto wa Mwisho
Nimekaa kimya siku nne, niwieni radhi. Nilisoma nikaona aibu, halafu nikaona aibu haitamsaidia mtoto.

Jumamosi nilikwenda naye kwenye kivuko cha reli. Tulisimama nyuma kabisa ya kizuizi. Nikamwambia aipe njia mgongo, na akiisikia treni ainue mkono. Mimi niliiona taa yake, nikaanza kuhesabu. Nilifika kumi na moja ndipo mkono ukapanda. Nilipofika kumi na tano ilikuwa imeshatupita, na upepo wake ukamvuta shati. Hakusema kitu hadi nyumbani. Jumatatu nilimsindikiza yeye na wenzake kwa njia ya daraja. Wanachelewa dakika ishirini, nimeongea na wazazi wengine watatu na tumepeana zamu.

Mama naye alivipenda vile vikombe. Amevizungusha mwenyewe mara nyingi, akaomba na vile vinavyoanguka. Habari ya breki amemwita jirani na kumweleza, neno kwa neno, hadi ule mwaka wa 1872. Amekubali safari, kwa sharti moja: akae pasipotikisika sana. Je, ni behewa la katikati?

Mzee wa Breki
Umefanya la maana sana baba, hasa hizo zamu.

Behewa lolote. La muhimu ni kiti: chukua kilicho katikati ya behewa lenyewe, mbali na milango ya mwisho. Magurudumu yapo chini ya ncha mbili za behewa, ndiko mtikisiko unakoanzia. Akitembea, ashike migongo ya viti, na asisimame pale behewa linapoungana na lingine. Na mpate kiti cha upande wa ujia, ainuke bila kuomba njia kila mara.

Mtoto wa Mwisho
Nimekata 34 na 35, katikati kabisa. Shukrani mzee wangu.