Natafuta mfasiri wa Kijapani kwenda Kichina anayezijua ngano

BintiTanga: Wakuu, salaam. Nimeolewa Tono, mkoa wa Iwate, kaskazini-mashariki mwa Japani. Mama mkwe ana nyumba ndogo ya wageni, na jioni huwasimulia wageni ngano za huku. Ameziandika kumi na mbili, anataka kijitabu cha Kichina kwa wageni wa kutoka China na Taiwan.

Tulijaribu programu ya simu. Mgeni mmoja wa Shanghai kasoma ukurasa wa kwanza, kauliza, "Kwani nyumba hii ina mizuka?" Kumbe *oni* huandikwa 鬼, na Mchina akiiona herufi hiyo anasoma roho ya maiti. Oni wa huku ana pembe na rungu. Ni zimwi, tena zimwi hasa! Nampata wapi mtu wa kazi hii?

Kibopa_wa_Ilala: Dada, si ubadilishe hilo neno moja tu, yaishe?

BintiTanga: Leo oni, kesho kappa, yule kiumbe wa mtoni. Yanayofuata nitayajuaje, na Kichina sikijui?

MzeeWaGuangzhou: Herufi zilezile ndizo zinazoponza. Chukua Mchina aliyebobea kwenye Kijapani, maana ngano lazima isikike vizuri kwa lugha ya msomaji. Halafu mtege kwa *tengu*, 天狗. China huyo ni mbwa anayemeza mwezi. Japani ni kiumbe wa milimani mwenye mabawa. Akikuletea mbwa, mpe nauli arudi kwao. Pia amua mapema: herufi zilizorahisishwa ni za China bara, Taiwan wanasoma zile za zamani.

Msakatonge: Naongezea. Mwaka 1910 Yanagita Kunio, mtafiti wa mila za Japani, alichapa kitabu *Tono Monogatari*, ngano 119 alizosimuliwa na Sasaki Kizen, mwenyeji wa hukohuko kwenu. Tafsiri za Kichina zipo. Tazama jina la mfasiri, mwandikie kupitia mchapishaji. Akiwa ghali, nenda vyuo vya jiji la Sendai, ulizia wanafunzi Wachina wanaosomea *minzokugaku*, yaani mila na masimulizi ya watu.

Ila Yanagita aliandika Kijapani cha kitabuni cha enzi zile. Mama mkwe wako anaandika kwa lafudhi ya kijijini, sivyo? Basi aliyekiweza kile si lazima akiweze hiki. Mlipe kwanza ngano moja ya majaribio. Usiombe bure, wazuri hawafanyi bure.

BintiTanga: Lafudhi tupu! Huanza "mukashi atta zu mo na", hapo zamani za kale, na kumaliza "dondohare". Hilo la mwisho kagoma lisitafsiriwe.

MzeeWaGuangzhou: Yuko sahihi. Paukwa pakawa nayo utaitafsirije? Liachwe kwa sauti yake, na maelezo mafupi chini. Bei huko huhesabiwa kwa herufi za Kijapani, kwa hiyo zihesabu kabla hujapatana.

BintiTanga: Mrejesho, wakuu. Nimewaandikia watatu. Wa kwanza kaleta mbwa. Wa pili kaandika vizuri, ila kappa wetu kamfanya wa kijani. Wa Tono ana uso mwekundu, Yanagita mwenyewe kaandika hivyo. Wa tatu, mwanafunzi wa Sendai, hajatafsiri hata mstari. Kauliza kwanza: "Tengu wa bibi ni yule wa pua ndefu, au mwenye mdomo wa kunguru?"

Nilipomsomea mama mkwe swali hilo, kavua miwani, kasema, "Mwambie aje mwenyewe, nimsimulie."