Kambi ya familia msituni Rondo: ukilalamika wewe ni ndugu, ukifika wakati wa bili wewe ni mteja

Wakuu, heshima kwenu. Mods (wasimamizi wa jukwaa), naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa vivutio vya kusini, maana sikuja kusifia kivutio.

Naandika nikiwa na hasira, anayetaka lugha laini apite kushoto. Jina la kambi silitaji. Iko mkoani Lindi, kule juu kwenye uwanda wa Rondo, kwenye shamba la familia linalopakana na msitu. Kipeperushi chao nilikipata Nane Nane pale viwanja vya Ngongo. Kijana mmoja mcheshi, mdomo mwepesi, ananiambia, "Kaka, lete familia mlale msituni kama zamani. Nyumba juu ya mti, komba wa Rondo, moto wa kuni, hadithi za bibi." Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea, niko Dar miaka mingi, watoto wangu msitu wanauona kwenye runinga. Nikasema haya, ngoja waone kwao.

Malipo ya awali yalikwenda kwa simu. Nikatuma, nikaambiwa niongeze na ya kutolea. Nikaongeza. Likatokea jina la mwanamke ambaye mpaka naondoka sikuonyeshwa ni yupi pale.

Safari yenyewe sina ugomvi nayo. Ukiacha lami ya Masasi ukaanza kupanda, ni vumbi na mawe, lakini misafara ya vigogo ilipanda huko Mei 2023 kwenda kumzika hayati Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kwao Chiponda, kwa hiyo na kigari changu kilifika.

Mapokezi ni mkorosho. Sitanii. Mkorosho mkubwa, chini yake dawati la shule, na tawini wamening'iniza ringi ya gari pamoja na chuma cha kugongea. Ukifika unagonga, unasubiri. Tukagonga, akatoka mbuzi. Tukagonga tena, akatoka mtoto, akatukodolea macho, akarudi ndani. Baadaye sana ndipo akaja mzee mwenyewe, mchangamfu ajabu, akawashika watoto vichwa akasema, "Karibuni nyumbani wanangu. Hapa hakuna mgeni." Wakuu, ishikeni hiyo kauli, maana ndiyo iliyotumika kunifunga mdomo muda wote niliokaa pale.

Tukapelekwa kwenye "nyumba juu ya mti". Mtu wa kusini ukiweka mguu kwenye ile ngazi ya kwanza tu umeshajua: hili ni dungu. Dungu lilelile la kulindia shamba, nguzo nne, sakafu ya fito, nyasi juu. Wameongeza chandarua na mito yenye maua. Sh 80,000 kwa usiku. Fito zimeachana kiasi kwamba simu ya mke wangu ilipenya katikati ikaanguka chini, na mpaka leo kioo chake kina ufa. Nikamwambia kijana, mdogo wangu, hii sakafu vipi? "Aah kaka, si uko nyumbani?" Nikamuuliza usiku kunapita nini hapa chini. Nguruwe pori tu, anasema, simba hawaji siku hizi.

Siku hizi!

Sisi tuliokulia Lindi miaka ile hatuhitaji kukumbushwa. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchi hii, na mkoa wetu ulikuwa katika ile iliyoumia zaidi. Baadhi ya waliokamatwa walikuwa shambani usiku, wamelala kwenye vibanda vya kulinda mazao, kwa sababu nguruwe pori anafuata mazao na simba anamfuata nguruwe pori. Nilikuwa nasikia wakubwa wakitaja majina ya waliochukuliwa, vijiji na vijiji. Sisemi leo kuna simba pale Rondo. Nasema usimpandishe mtu wa Nachingwea na wanawe kwenye dungu kwa elfu themanini halafu umtulize kwa "siku hizi".

Choo ni cha shimo, safi, sina neno nacho. Tatizo mlango. Mlango ni kanga iliyotundikwa kwa kamba, na kanga yenyewe imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Upepo wa Rondo unaijua kazi yake. Mke wangu akawa anakwenda na binti yetu wa kushika pindo. Na mwenyeji kweli alipona, mtaona kwenye bili.

Baridi nayo. Agosti kule juu ni baridi ya kutetemesha, mwinuko unakaribia mita 900. Blanketi ni moja kwa kitanda, la pili Sh 5,000. Maji ya kuoga ya moto ndoo Sh 2,000, ya baridi Sh 1,000. Haya, maji kule yanabebwa, naelewa, hata mimi ningetoza. Lakini hilo la maji liandikwe kwenye kipeperushi, lisisubiri mtu amejipaka sabuni.

Komba sasa. Hao ndio walionitoa Dar. Wasiojua: komba wa Rondo ni mdogo katika wadogo, uzito wake gramu 60 na kidogo, mkia umesimama manyoya kama brashi ya kuoshea chupa, na duniani yuko Tanzania tu, kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani. Tukatozwa Sh 15,000 kila kichwa, mtoto nusu, tukaingia gizani na tochi. Kijana akamulika juu ya mnazi: "Huyo hapo!" Wakuu, yule mnyama alikuwa mkubwa karibu kama paka wetu wa nyumbani, analia msitu mzima unasikia. Huyo ni komba yule wa kawaida anayekunywa tembo la mnazi kwenye vibuyu vya wagema, hata Mbagala yupo. Nikamwambia huyu siye. Akajibu, "Huyu ndiye baba yake." Watoto wakacheka, mimi sikucheka.

Kuhusu "shimo la mjusi" walilotuonyesha, yaani eti alikochimbwa yule dinosaria, sitapoteza muda. Mjusi yuko Berlin, Wajerumani walimchimba 1909 hadi 1913, na alikotoka ni Tendaguru, huko Mipingo, siyo nyuma ya banda la kuku la mtu Rondo.

Sasa nije kwenye lililonifanya nifungue uzi, maana hayo mengine ningeyameza.

Alfajiri ya saa kumi na moja hivi, giza bado, tukasikia ngurumo ya mashine chini yetu. Nikadhani pikipiki. Mke wangu akaanza kukohoa, kisha mdogo wetu, halafu macho yangu yakawaka moto. Nikawasha tochi: hewani kumejaa unga wa njano, unaelea, unatua kwenye chandarua, kwenye blanketi, kwenye nywele za watoto. Salfa! Familia inapulizia mikorosho yake, na sisi tuko juu ya mikorosho.

Mkulima yeyote wa korosho Lindi na Mtwara anajua hii kazi. Miezi hii mkorosho unachanua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unashambulia maua na majani machanga, usipopuliza msimu umekwenda na maji. Na unapuliza alfajiri kwa sababu upepo umetulia na jani lina umande, unga unashika. Simlaumu mzee kupuliza. Korosho ndiyo inayosomesha wajukuu zake. Ila mzee alijua siku, alijua saa, alijua upepo ukigeuka unakwenda wapi, na alijua nimelaza watoto wapi, kwa sababu ni yeye aliyetupandishia mizigo. Kijana aliyevaa mashine mgongoni alikuwa amejifunga kitambaa puani! Ameona haja ya kujikinga yeye, haja ya kutuambia "leo lala upande ule" hakuiona.

Nikashuka na hasira zangu. Mzee ananiangalia kwa huruma kabisa, tena huruma ya kweli: "Mwanangu, kwani Nachingwea kwenu hampulizi? Mtoto wa nyumbani anashtuka salfa?" Wakaja na shangazi zao, wakaja na majirani, kila mmoja ananishangaa. Mmoja anasema salfa ni dawa hata ya upele. Bibi peke yake ndiye aliyechukua maji akawanawisha watoto macho, akawaweka jikoni kwake mbali na ule unga, na hakuongea neno. Mdogo alikohoa hadi mchana. Chai ya asubuhi ilikuwa na utando wa njano juu, nikaimwaga mbele yao, na ile chai nimeilipia.

Mchana huo tukaitwa "ziara ya shamba". Kwenye karatasi inasomeka vizuri: mgeni atajifunza maisha ya mkulima wa korosho. Sh 20,000 kwa mtu mzima. Kufika huko nikapewa jembe, mke wangu akapewa reki, kazi ni kusafisha chini ya mikorosho ili msimu ukifika korosho zikianguka zionekane. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikodishiwa! Nikalima mstari mmoja, nikaliegemeza kwenye mti, nikakaa. Kijana ananipiga picha za ukurasa wao.

Ngoja niwe mkweli kwa jambo moja, maana kuna watu humu watasema nimeponda kila kitu. Chakula cha bibi hakina mpinzani. Alituchemshia ming'oko, vile viazi vya porini vya kusini, kwa chumvi, ile unaimenya kwa vidole ikiwa bado ya moto, inateleza, unga wake laini. Binti yangu ambaye Dar hali hata kiazi alikula mpaka akaulizwa kama ana mdudu tumboni. Kisamvu cha nazi, dagaa, ugali wa muhogo. Usiku bibi akatuhadithia sungura na fisi, akiimba vile viitikio, wajukuu zake na wanangu wanaitikia pamoja, na nikaona hata mke wangu ametulia. Kama wangeniuzia hicho tu, huu uzi ungekuwa wa sifa.

Lakini bili ikaja. Imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, upande wa pili kuna hesabu za kujumlisha za mtoto, zimesahihishwa. Ming'oko Sh 15,000, wakati stendi Lindi fungu lilikuwa mia tano. Hadithi Sh 10,000. Hadithi! Nikamuuliza bibi pembeni, Bibi, hii hela ya hadithi ni yako? Akanitazama asielewe naongelea nini. Kumbe hata hajui kama anauzwa. Kisha nikafika mstari wa kuni: Sh 10,000.

Hizo kuni, wakuu, waliokota wanangu. Mchana uliotangulia kijana aliwaandalia "mashindano", atakayeleta mzigo mkubwa anapata korosho za kukaanga. Wakahangaika huko na wajukuu wa pale, mikono imechubuka, wakaleta, wakapigiwa makofi. Moto ukawashwa kwa zilezile kuni. Halafu baba yao anauziwa.

Nikadai risiti. Si tunaambiwa kila siku, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti? Kijana akacheka, "Kaka, ndugu na ndugu wanaandikiana risiti?" Nikamwambia sawa, kama ni ndugu basi nifute hii bili. Hapo udugu ukaisha. Mzee akakohoa, akatazama mikorosho yake, kijana akaanza kunieleza gharama za uendeshaji.

Hapo ndipo panaponiuma. Ukitaka tukae kindugu, tukae. Nitakuja na sukari na mchele wangu, nitalala kwenye mkeka, nitalima hata ekari na salfa nitaivuta. Ukitaka biashara, fanya biashara: andika bei zako ubaoni pale kwenye ringi, niambie siku za kupuliza, weka mlango chooni. Hawa wanachagua. Kwenye huduma ni ndugu, kwenye hela ni kampuni. Na ukilalamika wewe ndiye mtovu wa adabu, umesahau kwenu, Dar imekuharibu. Niliambiwa hivyo mbele ya wanangu.

Watakaokuja na "ulitaka hoteli ya nyota tano porini?" naomba wasome uzi kwanza. Sijaomba kiyoyozi. Mbuzi kuingia mapokezi hakunikera, ringi ya gari watoto waliifurahia, hata kigoda cha bibi nilikikalia. Wageni kutoka Ulaya wanapitia Mikindani na Kilwa, siku moja kuna atakayepanda Rondo kumtafuta yule komba, akute anaamshwa na salfa. Huyo hataandika kwa Kiswahili.

NYONGEZA: Mnaoniuliza jina kwa PM (ujumbe wa faragha), sitoi. Bibi hana kosa na sitaki kumharibia jiko lake. Ila yule kijana najua yumo humu, nilimwona usiku anasoma nyuzi za usajili wa Simba na Yanga. Mdogo wangu, kioo cha simu nakusamehe, komba nakusamehe. Hela ya kuni, Sh 10,000, irudishe kwa namba ileile niliyokutumia ya awali, nitawagawia wanangu, ni jasho lao. Na ya hadithi mpe bibi mkononi, nitampigia kumuuliza.